Foleni ya Malaba: Kupima Corona Mpakani Kulifaa Nini?

Kila ugonjwa mpya unapotangazwa upande mmoja wa mpaka, swali lilelile hurudi Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda: madereva wapimwe hapa, wapimwe walikotoka, au waachwe wapite? Lilirudi Septemba 2022 Uganda ilipotangaza Ebola ya aina ya Sudan wilayani Mubende. Likarudi Julai 2024 Kenya ilipothibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa mpox, msafiri aliyekuwa akitoka Uganda kwenda Rwanda na kugunduliwa kwenye kituo cha mpakani cha Taveta. Januari 2025 Ebola ikatangazwa Kampala, na swali likaulizwa upya.

Majibu huchotwa katika kumbukumbu ya corona, na kumbukumbu hiyo haikubaliani. Wapo wanaoamini kuwa madereva ndio walioleta virusi. Wapo wanaoamini kuwa vipimo vilikuwa njia ya kukusanya pesa. Na wengi bado wanauliza jambo ambalo halikupata kuelezwa vizuri: mtu aliyepimwa Mombasa akaambiwa hana virusi, alikutwaje navyo Malaba siku chache baadaye? Uchambuzi huu unapanga hoja hizo moja moja, kisha unazipima kwa kile utafiti wa tiba ulichoonyesha hapa kwetu na kwingineko.

Usuli: jinsi dereva alivyobaki peke yake barabarani

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, Uganda tarehe 21 mwezi huohuo. Uganda ikafunga mipaka kwa abiria na kuacha mizigo ipite. Haikuwa na njia nyingine. Nchi haina bahari, na sehemu kubwa ya bidhaa zake, mafuta yakiwemo, hushushwa Mombasa na kusafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Malaba au Busia. Barabara hiyohiyo ya Ukanda wa Kaskazini ndiyo inayolisha Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo.

Basi dereva wa lori na utingo wake wakawa karibu watu pekee wenye ruhusa ya kuvuka, na pia watu waliopimwa kuliko wengine wote. Kufikia Aprili, sehemu kubwa ya maambukizi mapya yaliyotangazwa Uganda ilikuwa ya madereva. Mwanzoni walitolewa sampuli mpakani wakaruhusiwa kuendelea na safari; majibu yalipotoka, maafisa wa afya walilazimika kumsaka mtu aliyekwisha kufika Kampala au Gulu. Mwezi Mei utaratibu ukageuzwa: hakuna kuvuka kabla ya majibu. Rais Museveni akaagiza pia kwamba madereva wa kigeni waliokutwa na virusi warudishwe makwao na wasihesabiwe katika idadi ya wagonjwa wa Uganda.

Foleni ikaanza. Msururu wa malori ulinyooka makumi ya kilomita kutoka Malaba kuelekea Bungoma, na watu wakala, wakalala na kujisaidia kando ya barabara kwa siku kadhaa. Upande wa Kenya, maabara iliyokuwa karibu zaidi ni ile ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, iliyoko Alupe kati ya Busia na Malaba, mahali palipojulikana zamani kwa tiba na utafiti wa ukoma. Vitendanishi vilipokwisha, kazi ilisimama na foleni ikarefuka.

Kenya nayo ikaagiza dereva apimwe saa 48 kabla ya safari na abebe cheti kinachotumika kwa siku 14. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikagawa maabara tisa za kuhamahama kwa nchi wanachama kwa msaada wa Ujerumani, kisha ikaanzisha mfumo wa kidijitali wa kumfuatilia dereva na mzigo wake ili majibu ya nchi moja yasomeke nchi nyingine. Hata hivyo mabishano hayakuisha. Januari 2022 Uganda ilidai kila dereva apimwe mpakani kwa ada ya dola 30, zaidi ya shilingi 3,000 za Kenya. Madereva wakaegesha malori. Petroli ikaadimika Uganda na bei kupanda vibaya, na kabla ya mwezi kwisha sharti hilo lilikuwa limelegezwa.

Kipimo kinaona nini na hakioni nini

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na kudhani kwamba cheti cha corona ni kama leseni: ukiwa nacho leo, kesho bado ni halali. Virusi havifuati tarehe za cheti. Dalili huanza kwa wastani siku ya tano baada ya mtu kuambukizwa, na kwa wengine hadi siku ya 11 au 12. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichanganua tafiti kadhaa na kukuta kwamba kipimo cha maabara cha PCR kikifanywa siku ya nne baada ya mtu kuambukizwa hukosa kuona virusi kwa watu 67 katika kila 100. Siku ya tano hukosa 38, na siku ya nane, ambapo kipimo hufanya vizuri zaidi, bado hukosa 20.

Chukua dereva aliyeambukizwa Mombasa siku ya Jumapili. Akipimwa Jumanne, karibu hakika ataambiwa yuko salama. Anapakia, analala njiani, anafika Malaba Jumamosi au Jumapili inayofuata, wakati kipimo kinaona vizuri zaidi. Maabara zote mbili zimesema kweli, kila moja kuhusu siku yake. Hakuna aliyedanganya, na huenda hakuambukizwa njiani.

Kinyume chake nacho hutokea. PCR hunasa mabaki ya virusi kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona na kuacha kuambukiza. Dereva aliyeugua mwezi uliopita anaweza kuzuiliwa mpakani ilhali si hatari kwa mtu yeyote.

Jambo la tatu ni hesabu, na huu ni mfano tu. Tuseme kati ya madereva 1,000 walioko kwenye foleni, 10 wana virusi. Kipimo kinawanasa wanane kati yao. Ikiwa kipimo hicho hicho hukosea mara moja tu kwa kila watu 100 wasio na virusi, kitawataja wengine 10 hivi wasio na kosa. Kati ya 18 watakaotengwa, zaidi ya nusu ni wazima. Ugonjwa unapokuwa haba, hata kipimo kizuri huwatuhumu wengi bure, na hapo ndipo imani ya watu huanza kumomonyoka.

Msimamo wa kwanza: kila anayevuka apimwe mpakani

Huu ulikuwa msimamo wa Uganda, na hauna budi kupewa haki yake. Katika wiki za mwanzo, nchi moja ilikuwa na maambukizi mengi kuliko nyingine, na kila mgonjwa aliyezuiwa alikuwa na uzito. Kenya ilitangaza kifo chake cha kwanza Machi 2020. Uganda ilitangaza cha kwanza Julai. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, zikiwemo amri kali za kutotoka nje, na haiwezekani kuitenga sehemu ya mpaka pekee. Lakini si haki kusema mpaka haukuchangia kitu.

Faida ya pili ilikuwa ya kisayansi. Sampuli za madereva ziliwapa watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, Entebbe, nafasi ya kusoma vinasaba vya virusi mapema. Mwaka 2020 walionyesha kwamba virusi viliingia nchini kwa njia zaidi ya moja, abiria wa ndege na madereva wa malori wakiwemo, tena vikiwa vya aina mbalimbali. Kazi hiyo ndiyo iliyowezesha baadaye kutambua aina ya A.23.1, ambayo ilienea Uganda kwenyewe.

Udhaifu wake ni mzito pia. Foleni iliyokusudiwa kukinga iliwakusanya watu wengi mahali pamoja, bila vyoo wala maji ya kutosha, wakiwa wametoka sehemu tofauti za nchi. Agizo la kutowahesabu wageni liliirekebisha takwimu bila kugusa maambukizi yenyewe, na likatoa ujumbe kwamba ugonjwa una uraia. Aidha, zuio la kusafiri lina kikomo kinachojulikana. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2020 ulikadiria kwamba kufungwa kwa Wuhan kulichelewesha mlipuko ndani ya China kwa siku tatu hadi tano tu. Maambukizi yaliyosafirishwa nje yalipungua sana mwanzoni, lakini nafuu hiyo haikudumu kwa sababu virusi vilikuwa vimekwisha kufika miji mingine. Zuio hununua muda, na muda ambao hautumiwi kujiandaa hupotea bure.

Msimamo wa pili: dereva apimwe anakoanzia, cheti kiheshimiwe

Kenya, wasafirishaji na Jumuiya waliegemea hapa. Mantiki yake ni ya kiuchumi na ya kitaasisi. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018 na Marais Kenyatta na Museveni, kilijengwa ili msafiri asimame mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Kumpima mtu mara ya pili kwa sababu tu hauiamini maabara ya jirani ni kuirudisha ile milango miwili iliyokwisha kuunganishwa. Gharama ya lori lililosimama huingia kwenye bei ya sukari Kigali na ya dizeli Juba.

Kisheria pia msimamo huu una nguvu. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, katika kifungu cha 40, zinakataza nchi kumtoza msafiri ada kwa uchunguzi wa kiafya unaotakiwa ili kujua hali yake, isipokuwa anayeomba ukaazi. Dola 30 za Januari 2022 ni vigumu kuzitetea mbele ya kifungu hicho.

Ila udhaifu wake ni uleule tulioueleza: cheti cha siku 14 kinamhusu mtu wa siku aliyopimwa. Ndani ya muda huo dereva anaweza kwenda Kampala na kurudi, na kuambukizwa kokote. Zaidi ya hayo, kutambuana kwa vyeti kunahitaji imani, na imani ilikuwa haba kote ukandani. Mwezi Mei 2020 mkoa wa Arusha ulidai kuwa madereva waliotangazwa na Kenya kuwa na virusi walipopimwa upya Tanzania hawakukutwa navyo; wakati huohuo Tanzania yenyewe ilikuwa imeacha kutoa takwimu. Cheti bila maabara zinazokaguliwa kwa kipimo kimoja ni karatasi yenye muhuri tu.

Msimamo wa tatu: kinga iwekwe katika barabara nzima

Msimamo huu haukuwa na serikali iliyousimamia kikamilifu, lakini ndio uliokuwa na ushahidi mwingi nyuma yake. Unasema: dereva ni mfanyakazi aliye hatarini zaidi, kwa hiyo alindwe na achunguzwe mara kwa mara kutoka bandarini hadi mwisho wa safari, badala ya kupimwa mara moja kwenye mstari.

Ukanda huu una historia ya jambo hilo. Tangu miaka ya mwisho ya 1980, Profesa Job Bwayo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliwachunguza madereva wa masafa marefu kuhusu virusi vya Ukimwi. Baada ya miaka ya kuwalaumu madereva hao, kilichosaidia zaidi ni kliniki za kando ya barabara, zinazofunguliwa saa ambazo dereva ameegesha.

Kwa corona, utafiti uliochapishwa mwishoni mwa 2020 kuhusu mbinu za upimaji ulifikia hitimisho lililowashangaza wengi: kupima mara kwa mara na kutoa majibu upesi kuna faida zaidi kuliko kutumia kipimo kikali zaidi ambacho majibu yake huchelewa. Septemba 2020 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha vipimo vya haraka vya antijeni, na bei ikawekewa kikomo cha dola tano kwa nchi za kipato cha chini na cha kati. Majibu yake hutoka ndani ya nusu saa. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi nao walionyesha kwamba kuchanganya sampuli za watu kadhaa na kuzipima pamoja huokoa vitendanishi na muda, mradi maambukizi ni machache.

Udhaifu wa msimamo huu ni utekelezaji. Kipimo cha haraka hukosa watu wenye virusi vichache. Kliniki za barabarani zinahitaji fedha za kudumu na mwenye kuwajibika, ilhali barabara inapita katika kaunti nyingi na nchi kadhaa. Na kisiasa hauna mvuto: waziri anaweza kupiga picha mbele ya lango lililofungwa, si mbele ya ratiba ya kupima madereva kila wiki.

Kupima hoja: kingamwili zinasimulia nini

Ushahidi unaogusa Busia moja kwa moja ni wa kingamwili, alama zinazobaki mwilini baada ya maambukizi. Oktoba 2020, katika utafiti uliofanywa Kenya, asilimia 42.3 ya madereva wa malori na wasaidizi wao walikutwa nazo. Kwa wasomaji wengi namba hiyo ilimaliza ubishi: kumbe ni wao.

Iweke kando ya utafiti mwingine. Kati ya Julai na Desemba mwaka huohuo, wahudumu wa afya walichunguzwa katika kaunti tatu. Nairobi asilimia 43.8 walikuwa na kingamwili, Busia 12.6, Kilifi 11.5. Dereva wa lori, kwa maneno mengine, alifanana na mhudumu wa hospitali wa Nairobi. Hakufanana na yule wa Busia, kaunti ambayo malori yalikuwa yakipanga foleni ndani yake kwa miezi.

Tafsiri ya namba hizi inahitaji uangalifu. Kingamwili hazisemi mtu aliambukizwa lini wala wapi, na wahudumu wa afya si kioo kamili cha raia wote. Mtetezi wa upimaji anaweza kusema Busia ilikuwa chini kwa sababu madereva walizuiliwa. Lakini tukizisoma pamoja, zinaelekeza zaidi kwenye maelezo mengine: madereva walikuwa wakiambukizwa mahali virusi vilipokuwa vingi, yaani miji mikubwa wanakopakia na kupumzika, na mpakani ndipo walipohesabiwa. Mpaka ulikuwa dirisha zuri la kuchungulia hali ya barabara, lakini ukachukuliwa kuwa chanzo cha kile ulichoonyesha.

Wakati nao hubadilisha thamani ya kila hatua. Aprili 2020 kumzuia dereva mmoja mwenye virusi kulikuwa na maana. Juni 2021, aina ya Delta ilipoenea magharibi mwa Kenya, serikali iliziwekea kaunti 13, Busia ikiwemo, amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni. Maambukizi yalikuwa ndani ya jamii tayari. Kufikia Januari 2022, Omicron ilikuwa imethibitishwa Kenya na Uganda mwezi mmoja kabla. Kuwapima madereva kwa ada wakati huo kuliizuia petroli kuliko virusi.

Wasioonekana kwenye foleni

Mjadala wote wa madereva ulifunika kundi kubwa zaidi. Mji wa Busia umegawanywa na mpaka lakini haukugawanyika. Wateso na Wasamia wana ndugu pande zote mbili. Wanawake wa dagaa, mayai na mitumba huvuka mara kadhaa kwa siku, na wafanyabiashara wenye ulemavu huvusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Mpaka ulipofungwa kwa abiria, hao hawakuwa na cheti wala foleni. Baadhi walipoteza mtaji. Wengine wakapita njia za panya, ambako hakuna kipimajoto wala mwenye kuuliza.

Hapa pana gharama isiyoandikwa katika takwimu za afya. Kanuni kali mno kwa wanaoonekana huwasukuma wengine kwenye maficho, na anayejificha hatakwenda hospitali akiugua. Ndivyo pia ilivyokuwa kwa unyanyapaa: dereva anayeitwa corona na watoto wa mji hana sababu ya kutaja dalili zake kwa hiari.

Upande wa tiba nao ulipata nafasi ndogo. Juni 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu iliyokuwa tayari kwenye maduka ya dawa, hupunguza vifo kwa theluthi kwa wagonjwa walio kwenye mashine za kupumua na kwa sehemu moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni. Kwa kaunti kama Busia, oksijeni ya uhakika wodini ingeokoa watu bila kujali walikotoka. Chanjo za kwanza zilifika Kenya tarehe 3 Machi 2021, dozi milioni moja na zaidi kidogo, na muda mfupi baadaye India ikasitisha kuuza nje. Kwa uhaba huo, asilimia 42.3 ilikuwa hoja tosha ya kuwaweka madereva mbele ya mstari wa chanjo badala ya kuwaweka nyuma ya kizuizi.

Hitimisho

Hakuna msimamo kati ya mitatu uliokuwa upuuzi, na kila mmoja ulikuwa na saa yake. Kupima mpakani kunafaa mwanzoni kabisa, wakati nchi moja ina ugonjwa na nyingine haina, mradi majibu yatoke kwa saa chache na anayesubiri awe na maji, choo na kivuli. Kupima safari inapoanza kunafaa pale tu maabara zinapokaguliwa kwa pamoja na cheti kikiwa cha siku chache. Ugonjwa ukishaenea pande zote, kinachobaki chenye faida ni kinga ya barabara nzima: vipimo vya haraka vya mara kwa mara, chanjo mapema, kliniki zinazojua ratiba ya dereva, na mpaka kubaki mahali pa kukusanya sampuli za kusomwa vinasaba.

Gharama ya upimaji ibebwe na serikali, kwa kuwa anayelindwa ni umma. Wafanyabiashara wadogo wapewe utaratibu wao halali, kwa sababu watavuka tu. Na makubaliano ya kutambua majibu ya jirani yasainiwe wakati hakuna ugonjwa. Mlipuko ukishaanza, kila serikali husikiliza wapiga kura wake kwanza, na foleni ya Malaba ndiyo hulipa.